Sura ya Saba: Viraka vya Juma Gumu

Ukitoka Kasese kuelekea Fort Portal, kuna njia inayoingia kushoto na kufuata bonde la mto Mubuku. Inapanda kati ya migomba na mibuni, inapita Ibanda, na magari yanaishia Nyakalengija. Kutoka hapo ni miguu tu, kambi baada ya kambi: Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, hadi kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Wapanda milima wanaijua Nyakalengija kama lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Tuliokulia huku tunaijua zaidi kwa baridi yake. Kijiji kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama nyuma ya milima kila mtu anatafuta cha kujifunika.

Ndiyo maana huku nguo haitupwi kirahisi. Gauni la kanisani likichakaa linakuwa la sokoni, la sokoni linakuwa la shambani, la shambani linakatwa nepi za mtoto. Vipande vinavyobaki vinaingia kwenye gunia chini ya kitanda, pamoja na mabaki ambayo fundi cherehani alikurudishia baada ya kukushonea kitenge chako. Sura hii inahusu gunia hilo, na kazi moja inayoweza kufanywa na vilivyomo: mfarishi wa viraka. Nataka kueleza kwa nini kazi hii humfaa mtu aliye katika juma gumu, juma la msiba, la ugonjwa au la mafuriko, na kwa nini ninaamini inafaa kufundishwa katika kila nyumba.

Nguo na mpangilio wa watoto

Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Mpangilio huo hufuatwa na nguo pia. Sare ya shule inanunuliwa kwa ajili ya Masika, ikiwa kubwa kidogo ili imfae miaka miwili. Masika akikua, inapunguzwa kiuno na kumwendea Biira. Kabugho anaipata ikiwa na kiraka kwenye kiwiko. Ikimfikia Mbambu, rangi ya samawati imepauka hadi haina jina, na ukosi umegeuzwa ili upande usiosuguliwa utazame nje.

Mtu wa nje akiiona sare hiyo ataona tambara. Mama mwenye nyumba anaona miaka ya ada, asubuhi za kuwakimbiza watoto wasichelewe, na mwaka ambao Biira alirudia darasa kwa sababu ya malaria. Picha za familia zetu ni chache. Wengi wa wazee wetu walipigwa picha mara moja tu, ya kitambulisho. Anayetaka kujua bibi yake alikuwa na mabega mapana kiasi gani, au alipenda rangi ipi alipokuwa na fedha za kuchagua, jibu lake liko kwenye nguo.

Kwa hiyo mtu anapofariki, kugawa nguo zake si jambo dogo. Katika familia nyingi kazi hii hufanywa baada ya matanga, mbele ya ndugu. Koti linakwenda kwa kaka, gomesi kwa dada, viatu kwa anayevaa namba hiyo. Mwisho hubaki zile zisizotakiwa na mtu, zilizochanika kwapani na kupauka mgongoni. Hizo ndizo marehemu alizozivaa kuliko zote.

Kitenge cha mama

Mama yangu alipofariki, matanga yalitushika vizuri. Siku za matanga zina utaratibu wake. Kuna kupika, kuna kupokea wageni, kuna nyimbo za usiku na majirani wanaokuja na kuni bila kuombwa. Ugumu ulianza turubai liliposhushwa, sufuria za watu zikarudishwa, na mvua ikafunga njia ya kushuka barabarani. Nyumba ikanyamaza. Sikuweza kusoma, sikuweza kwenda shambani, na usingizi ulikuwa unakatika alfajiri.

Mama mdogo, ambaye anauza vitenge katika soko la Mpondwe, hakurudi kwake Bwera na wenzake. Alinikuta nimekaa kwenye mkeka na kitenge cha mama mapajani, nakikunja, nakikunjua.

"Mwanangu, hicho utakikunja mpaka lini?"

"Sijui nikiweke wapi, mama."

"Usikiweke. Lete mkasi."

Akakichukua, akakitandaza mlangoni penye mwanga. Kilikuwa kitenge cha manjano na maua ya kahawia, cha miaka mingi. Kwenye pindo rangi ilikuwa bado imekolea, karibu kama mpya. Katikati palikuwa na eneo la mraba lililopauka, nyuzi zimelegea, kitambaa kimekuwa laini na chepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Nje ya eneo hilo, pembe mbili zilikuwa na mikunjo ambayo haikutoka hata kwa pasi ya mkaa: ndipo alipokuwa akifunga fundo kifuani.

"Hapa ndipo mlipokaa," mama mdogo alisema, mkono wake ukiwa katikati. "Wewe, kaka zako, halafu wajukuu. Wote mmebebwa hapa."

Nilikuwa nimekiona kitenge kile maisha yangu yote, lakini sikuwa nimewahi kukisoma. Tulikikata kwa uangalifu. Vipande vilivyokolea kutoka kwenye pindo tuliviweka fungu moja, vilivyopauka kutoka katikati fungu lingine. Vile laini tulivipa bitana ya popelini nyuma ili visichanike kwenye mshono. Fundo hatukulikata. Mama mdogo alilitaka liwe pembeni mwa mfarishi na mikunjo yake, na huko ndiko liliko.

Baada ya hapo kazi ilijiongoza. Aproni ya kaki aliyoivaa wakati wa kuchuma kahawa, yenye madoa mekundu yasiyofulika. Shati la baba. Sketi ya Masika wetu. Tulikata asubuhi, tukaunganisha mchana, tukapiga bandi jioni chini ya taa ya sola. Tuliongea sana, na tuliongea vizuri kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye sindano. Mambo ambayo mtu hawezi kuyauliza akimtazama mzee usoni, anaweza kuyauliza akitafuta tundu la sindano. Ndivyo nilivyojua kwamba mama alikuwa ameacha shule ili mdogo wake asome, na kwamba mdogo huyo ndiye aliyekuwa ameketi karibu nami akishona.

Sikuacha kulia juma lile. Lakini nililia huku nikifanya kitu, na jioni nilipolala palikuwa na viraka vilivyoungana ambavyo asubuhi vilikuwa mbalimbali.

Waliotutangulia

Desturi hii si ya bonde letu peke yake, na inapendeza kuona imetoka mbali namna gani.

Katika Buganda, mafundi wa nguo za gome hutwanga gome la mti wa mutuba hadi litanuke na kulainika, na mahali palipopasuka hutiwa kiraka cha gome hilohilo na kushonwa. Nguo hiyo imevaliwa katika sherehe na imewafunika marehemu kaburini kwa vizazi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu. Pwani ya Waswahili, masimulizi ya asili ya kanga yanaanza na mshono pia. Katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za rangi zilizofika kwa meli, wakaziunga tatu juu na tatu chini hadi zikapata upana wa kujitanda. Viwanda vilipoanza kuchapa kanga nzima, vilikuwa vinafuata kilichokwisha kubuniwa na sindano za wanawake.

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao pwani ya mashariki, baadhi yao wakiwa watumwa waliopelekwa Goa na Wareno. Wanawake wa Kisiddi hushona mfarishi uitwao kawandi kutokana na sari na nguo kuukuu. Wanaanza pembeni, wanashona viraka kwa bandi ndefu kuzunguka ukingo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wanakutana katikati. Pembe nne hawaziachi tupu. Huzitia vitambaa vilivyokunjwa kuwa maua, na kwao kazi haijakamilika bila hayo. Mtaalamu wa sanaa za Afrika, Henry Drewal, alifanya utafiti kati yao na kusaidia kazi zao kujulikana nje ya vijiji vyao.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote unatoka Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kilichozungukwa na mto pande tatu katika jimbo la Alabama. Mwaka 1942 mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mume wake. Alichukua nguo zake za kazi, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua la mashamba ya pamba, akaziunga kuwa mfarishi wa kujifunika. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa msichana wakati huo, alisaidia kazi, na miaka mingi baadaye ndiye aliyeisimulia dunia. Mfarishi huo unaonyesha wazi jinsi nguo hizo zilivyochakazwa na kazi. Leo uko katika National Gallery of Art mjini Washington. Mjane yule hakuwa akishonea jumba la makumbusho. Alikuwa akitafuta namna ya kulala bila mume wake.

Miaka 45 baadaye, Oktoba 11, 1987, watu waliofiwa kwa sababu ya UKIMWI walitandaza katika mji huohuo wa Washington vipande 1,920 vya kitambaa, kila kimoja na jina la mpendwa wao, kila kimoja futi tatu kwa sita, kipimo kinachokaribia cha kaburi. Mwaka huohuo Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, hapa Uganda. Baadaye akina mama wa Uganda wenye virusi vya UKIMWI walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu ni upi, ulizaliwa wapi, ulikuwa ukipenda kula nini. Wengine walishika kalamu, wengine sindano. Wote walikuwa na woga mmoja, kwamba mtoto atakua bila kujua alitoka kwa nani.

Kwa nini mikono hutuliza

Mwaka 2012, Emily Burt na Jacqueline Atkinson wa Chuo Kikuu cha Glasgow nchini Scotland walichapisha utafiti uliotokana na mazungumzo na washonaji 29 wa mifarishi. Washonaji hao walisema kazi inawatuliza na kuwasahaulisha saa, kwamba rangi zinawainua moyo, hasa siku za baridi na giza, na kwamba kundi la kushona limewapatia marafiki. Hayo yanalingana na ninayoyaona kila mara akina mama wanapokaa pamoja na vitambaa vyao.

Naongeza jambo moja. Msiba hauna kipimo. Huwezi kusema leo nimemaliza robo yake. Kiraka kina pande nne, na ukifika pembe ya nne umemaliza. Mtu aliyezidiwa hawezi kukabili mwezi mzima, lakini anaweza kukabili pande nne, na kesho nne nyingine. Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema, na aliyefiwa anahitaji gogo dogo la kuanzia.

Kisha kuna faida ya mwisho, ambayo kalamu haiwezi kuitoa. Mfarishi unatumika. Kumbukumbu ya mama haikai kabatini ikingojea siku maalumu. Inamfunika mjukuu usiku baridi ya Rwenzori inaposhuka.

Majuma ya wote

Kasese imekuwa na majuma magumu ya pamoja. Mei 1, 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba, madaraja na sehemu za Kilembe. Mei 2020 ulifurika tena, pamoja na Mubuku na mito mingine, na maelfu ya watu wakahama. Waliorudi kuchimbua matope walikuta picha zimeyeyuka. Nguo zilikuwa zimejaa udongo, lakini nguo inafulika.

Usiku wa Juni 16, 2023, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari huko Mpondwe, karibu na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kuna nyumba ambazo sare ya pili, ile iliyobaki nyumbani ikikauka kwenye kamba, ndiyo iliyobaki ya mtoto. Simwambii mzazi yeyote afanye nini na sare hiyo. Nasema tu kwamba asiharakishwe kuitoa, na asionekane amechanganyikiwa akiishika. Akija siku moja akitaka kuishona mahali, apate mtu wa kukaa naye.

Na kuna nguo ambazo hazifai kubaki. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, na wagonjwa walihudumiwa katika Hospitali ya Bwera. Katika ugonjwa kama huo, nguo na matandiko ya mgonjwa hubeba hatari, na wahudumu wa afya wakisema yachomwe, yachomwe. Familia zinazopitia hilo hupoteza mtu na hupoteza hata kitambaa chake. Hapo ndugu wanaweza kusaidia kwa kuchangia nguo ambazo marehemu aliwahi kuwapa zamani, kabla ya kuugua. Karibu kila mtu ana kitu kimoja alichopewa na mwingine.

Namna ya kuanza

Fua vitambaa vyote kwanza, vikauke juani. Kitenge kipya kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholoa. Kikitoa rangi, kifue tena kabla ya kukiunga na vingine. Tenga vizito kama kaki na vyepesi kama popelini. Ukivichanganya katika mshono mmoja, kizito kitakichana chepesi, isipokuwa umekitia bitana. Sweta na fulana zinazovutika ziache kwa kazi nyingine.

Kata boksi gumu kuwa mraba wa sentimita 17 kila upande. Hicho ndicho kipimo chako. Chora kwa chaki au kipande cha sabuni kikavu, ukate. Acha sentimita moja ya mshono kila upande, na kila kiraka kitabaki na sentimita 15. Viraka 10 kwa upana na 13 kwa urefu ni viraka 130, na vinakupa mfarishi wa sentimita 150 kwa 195, unaotosha kitanda cha futi tatu na nusu na kuning'inia pembeni. Unga viraka kumi kuwa ukanda mmoja, piga pasi mshono, kisha unga kanda. Usianze na kiraka chenye uzito mkubwa moyoni. Anza na mabaki ya fundi, mkono uzoee, ndipo ufike kwenye nguo ya mama.

Chini tandika blanketi kuukuu au pamba. Kasese inalima pamba, na chama cha ushirika cha Nyakatonzi kinaifahamu kazi hiyo kwa miaka mingi. Nyuma weka shuka. Shikiza tabaka zote tatu kwa bandi kubwa, kisha shona bandi ndogo kufuata viraka, ukivaa subana kidoleni. Mwisho kunja pindo. Huna cherehani? Sindano moja na uzi wa rangi moja vinatosha. Andika nyuma, kwa uzi, majina ya wenye nguo na mwaka.

Ombi langu kwako ni hili. Kabla ya nguo za marehemu wenu kugawanywa, ndugu mkiwa bado pamoja, omba kipande kutoka kila nguo, hata upana wa kiganja, na uulize hadithi yake wakati walio na jibu wangali hai. Mkaribishe jirani aliyefiwa mje mkate na kushona pamoja, wala usimwambie ajikaze. Na gunia lililo chini ya kitanda chako, usilitupe.